Gauni la Pande Mbili

Wifi alipiga simu mchana, Mama Tone akiwa ameinama nje ya mlango, anasugua sufuria ambayo siku hiyo haikuwa imepikiwa kitu. Simu ya mumewe ilikuwa mbovu, haisikiki mpaka uwashe kipaza sauti, kwa hiyo maneno ya wifi yalifika chumbani, yakafika koridoni, na yakawafikia majirani waliokuwa hawana kazi ya kufanya.

"Nisikilize, mdogo wangu. Mtoto nitamchukua. Atakula tunachokula, na shule nitampeleka. Kuna darasa la wadogo hapa jirani, hata sare hawadai. Ila nguo sitaweza, nasema mapema tusije tukalaumiana. Aje na nguo mbili za kueleweka. Yale matambara aliyokuja nayo msibani yabaki huko huko."

"Tumekusikia, dada," alisema Baba Tone.

Alikuwa amelala chali sakafuni. Tangu ubao wa jukwaa ulipomtoka chini ya miguu kwenye jengo la watu, mgongo wake ulikataa kukaa na ukakataa kusimama. Ulichokubali ni kulala tu. Msimamizi wa ujenzi alimletea sukari, akampa pole, akaondoka, na tangu hapo simu yake ikawa haipatikani.

Mama Tone aliingia na sufuria mkononi. "Umekubali bila kuniuliza."

"Nimekuuliza tangu juzi. Kila nikikuuliza unaosha vyombo."

"Vyombo vinachafuka."

"Vinachafuka na nini?"

Mama Tone aliitundika sufuria ukutani. Kiwanda cha nguo alichokuwa akifanya kazi kilikuwa kimefunga geti asubuhi moja, wafanyakazi wakiwa nje na mikoba yao ya chakula. Mlinzi waliyekuwa wakitaniana naye kila siku aliwatazama kama watu waliopotea njia. Hawakupewa barua wala kiinua mgongo. Walisimama pale mpaka jua likawachosha, kisha mmoja mmoja akaanza kurudi nyumbani.

Hata hivyo alikuwa hajakubali. Kilichomkubalisha kilitokea jioni ile ile. Mtoto wao, waliyemwita Tone kwa sababu alizaliwa kadogo mno hata mkunga akamtania hivyo, alikuwa na miaka mitano, na alishazijua saa za majirani kufunua sufuria. Alisimama kizingitini kwa jirani wa chumba cha mbele, mikono nyuma, wala hakuomba chochote.

"Mama Tone," jirani aliita kwa upole, "mwite mwanao. Tunataka kufunga mlango, mbu wanaingia."

Jua lilikuwa bado halijazama, na mbu walikuwa bado. Mama Tone alimshika mtoto mkono, akamwingiza ndani.

"Ulikuwa unafanya nini pale?"

"Nilikuwa nanusa tu," alisema Tone.

Baba yake aligeuza uso ukutani. Mama Tone alibaki amemshika yule mtoto mkono, kimkono chembamba kama mpini wa mwiko, kisha akasema, "Mwambie dada yako anazo mbili."

*

Hakuwa nazo mbili. Hakuwa nayo hata moja ambayo wifi angeiita nguo.

Chumba chao kilikuwa na dirisha moja, na dirisha lilikuwa na pazia la bluu lenye madoa meupe. Mama Tone alipanda juu ya ndoo, akalishusha.

"Sasa watu watatuona," alisema mumewe kutoka sakafuni.

"Wataona nini?"

Baba Tone alizungusha macho chumba kizima. "Watamwona mwanamume amelala mchana."

"Hilo wanalo tayari."

Baba Tone alicheka kidogo, na kicheko kikamuuma mgongo. Mama Tone alilifua pazia, akalianika, akalibeba likiwa bado na unyevunyevu mpaka kwa fundi cherehani wa kona ya barabara. Fundi huyo alikuwa mwanamke mnene mwenye futi shingoni na pini mdomoni, na watu walisema hata akilala pini hazitoi. Kibandani kwake kulikuwa na cherehani mbili. Ya pili ilikuwa ya binti yake aliyeolewa akahama, na sasa ilikuwa inawekewa chai.

"Naomba niazime hiyo ya pili," alisema Mama Tone. "Nataka kumshonea mwanangu gauni."

Fundi alitoa pini mdomoni. "Wewe si ulikuwa kule kiwandani?"

"Miaka sita."

"Basi wewe ndiye fundi, mimi nibahatishe nini? Kaa, kata."

Mama Tone alilitandika pazia mezani. Alishika mkasi. Aliuweka upande mmoja, akauhamishia upande mwingine, akaurudisha. Wateja wawili waliokuwa wakisubiri sketi zao walianza kumtazama.

"Kuna nini?" fundi aliuliza.

"Sijui kukata."

"Hujui kukata?"

"Kule walikuwa wanakata wengine. Mimi nilikuwa napachika mikono. Mkono wa kushoto. Wa kulia alikuwa anapachika mwenzangu."

Mmoja wa wale wateja alishindwa kujizuia, akacheka mpaka akainamia magoti. Fundi hakucheka. Alimsogezea kiti, akaiondoa chai juu ya cherehani, akamrushia blauzi iliyokatwa vipande. "Hebu pachika hiyo tuone."

Mama Tone alikanyaga. Mkono wa kushoto ulikaa kwenye bega kama uliota pale. Mkono wa kulia ulimsumbua kidogo, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimezoea kuzunguka upande mmoja, lakini nao ulikaa. Fundi aliigeuza blauzi ndani nje, akaukagua mshono, akairudisha.

"Nina blauzi za kwaya nimejaa nazo hapa. Nipachikie mikono, mimi nitakufundisha gauni. Mtoto ana umri gani?"

"Mitano."

"Basi tutamshonea kigauni tu, kisicho na mikono." Ndipo fundi mwenyewe akagundua alichokisema, na safari hii akacheka. "Pole, mama. Kitu unachokijua, gauni lenyewe halina."

Mama Tone naye alicheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu geti lile lifungwe, na hakikudumu. "Shida yangu si moja," alisema. "Nimeambiwa aje na nguo mbili, na kitambaa ninacho hiki tu."

Fundi alilipima pazia kwa macho. Alitia mkono chini ya meza, kwenye gunia la mabaki, akatoa kipande cha rangi ya manjano, kizito, kilichobaki kwenye suti ya mtu aliyekuja kuichukua akailaumu. "Hiki hakitoshi mambo makubwa, lakini kwa mtoto kinatosha. Utamshonea gauni la kugeuza. Leo avae bluu, kesho aligeuze avae manjano. Anayetaka kuhesabu atahesabu mbili."

*

Fundi alimfundisha kwa ukali, bila maneno mengi. Tone aliletwa akapimwa kifua na urefu, akitetemeka kwa kutekenywa na futi. Walichora kwenye gazeti nusu ya mbele na nusu ya nyuma, juu kwenye kila bega pakiwa na mkanda mrefu wa kufungia. Wakakata bluu, wakakata manjano. Kila rangi ikashonwa ubavuni peke yake, ikawa gauni kamili ambalo halijamalizwa. Kisha gauni moja likaingizwa ndani ya jingine, pande nzuri zikitazamana, na Mama Tone akashona kuzunguka shingo, kuzunguka makwapa, mpaka juu ya mikanda.

"Sasa chana kidogo kidogo hapa kwenye mzunguko wa shingo, usiuguse uzi. Usipochana litakunjamana kama uso wangu. Haya, ligeuze."

Mama Tone aliingiza mkono kwa chini, akavuta. Gauni likajitoa lenyewe ndani nje, mishono yote ikapotelea katikati, na likawa na uso wa bluu na uso wa manjano, bila mgongo. Alilishika mbele ya macho. Miaka sita alikuwa ameshika mikono ya nguo ambazo hakuwahi kuziona zikiisha.

"Usililie kitambaa," alisema fundi. "Pindo bado."

Walilikunja pindo ndani pande zote mbili, wakalishona pamoja. Kwenye kila mkanda wa nyuma wakabandika vifungo viwili, kimoja huku kimoja huku, migongo ikigusana, na kwenye mikanda ya mbele wakatoboa matundu yaliyopita vitambaa vyote. Tone alipovalishwa alizunguka pale kibandani mpaka akajigonga kwenye meza. Alidai ligeuzwe. Likageuzwa. Akadai tena.

"Mwache," alisema fundi. "Akizoea atatulia."

Mama Tone alimtazama fundi. Alitaka kumwambia kwamba gauni lile ni la safari, na kwamba yeye hatakuwepo kumwona akizoea. Badala yake alivuta blauzi nyingine ya kwaya, akaanza kupachika mkono.

*

Wifi alikuja Jumamosi. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye miguu iliyovimba kwa kusimama sokoni akiuza ndoo na mabeseni, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuvua viatu. Alimsalimu kaka yake, akamwinamia, akamshika paji la uso kama mtoto. Kisha akauliza, "Nguo ziko wapi?"

Mama Tone alimletea gauni.

"Hii moja."

Mama Tone aliligeuza. Wifi alitazama manjano, akalichukua yeye mwenyewe akalirudisha kwenye bluu, akapitisha kidole kwenye shingo akitafuta mshono.

"Nani kakufundisha ujanja huu?"

"Ni mbili hizo, dada," alisema Baba Tone haraka.

Wifi alimtazama kaka yake, akalitazama dirisha lisilo na pazia, na ikawa kama amelitambua gauni. "Haya," alisema. "Mbili."

Wote watatu walikubaliana hapo, na kila mmoja alijua kwamba si mbili.

"Mwezi ujao nitamletea nyingine," alisema Mama Tone.

"Usiniahidi, wifi yangu. Mimi nami naahidiwa sana. Mtu anachukua ndoo leo, hela kesho, na kesho yenyewe haifiki."

Tone hakulia. Aliuliza tu nani atalala upande wa ukutani. Baba yake alisema upande huo utamngoja. Mama yake aliwasindikiza mpaka kituoni, akamfunga kifungo cha bega ambacho kilikuwa kimefungwa tayari, na gari likaondoka.

*

Mwezi ujao ulifika, ukapita, na mwingine ukafuata. Fundi sasa alimlipa Mama Tone kwa kila mkono, na kila alichopata kilikwenda kwenye kodi na kwenye dawa za kuchua mgongo. Baba Tone alianza kukaa, akiegemea ukuta. Nguo ya pili haikushonwa. Kila Mama Tone alipoona kipande kwenye gunia la mabaki alikiweka pembeni, na kila jioni ilipatikana sababu ya kukirudisha: mteja amekitaka, au fundi amekitumia, au yeye mwenyewe amechoka.

Walipiga simu walipopata salio. Tone alieleza habari za paka wa shangazi, za mwalimu anayevaa miwani miwili, na za wali alioula mpaka ukabaki. Siku moja, ilikuwa Jumatano, mama yake alimuuliza, "Leo mmesoma nini?"

"Leo sijaenda. Leo nguo zangu zinafuliwa."

Mama Tone alicheka, akasema vizuri, uwe msafi, na salio likaisha. Alirudi kwenye cherehani. Alikuwa katikati ya mshono mguu wake ulipoacha kukanyaga wenyewe.

"Vipi?" aliuliza fundi.

"Zikifuliwa," alisema Mama Tone, "zinafuliwa zote mbili."

Fundi alifikiri, kisha akainamisha macho. Yeye ndiye aliyesema anayetaka kuhesabu atahesabu mbili. Alifungua droo akatoa nauli, bila kusema ni ya mikono ipi.

*

Mama Tone alifika kwa wifi Jumatano iliyofuata, jua likiwa limepanda. Nyumba za mtaa ule zilitumia bomba moja, na maji yalitoka Jumatano asubuhi tu, kwa hiyo kila kamba ilikuwa imejaa nguo. Aliliona gauni kabla ya kuiona nyumba. Lilining'inia manjano likiwa nje, likidondosha maji.

Mlango ulikuwa umerudishwa. Aliusukuma.

"Funga, sijavaa," alisema Tone kutoka ndani.

Alikuwa amekaa juu ya kitanda, amejifunga shuka kuanzia kifuani, paka miguuni. Alipoona ni nani alitaka kuruka, akakumbuka shuka, akalishika kwanza, ndipo akaja akikokota miguu. Mama yake alimpakata. Alikuwa mzito. Mashavu yalikuwa yamejaa, na mkono wake ulikuwa sasa mkono wa mtoto. Mama Tone aliubinyabinya mkono ule, akaona aibu na furaha vimemjia kwa pamoja, asijue kipi kimetangulia.

"Kila Jumatano unakaa hivi?"

"Na Alhamisi, mvua ikinyesha. Manjano haikauki upesi. Mwalimu akiniuliza nasema nilikuwa naumwa."

"Nani kakufundisha kusema hivyo?"

"Mwenyewe."

Wifi alirudi mchana, akamkuta. Hakushtuka, na hakujifanya amefurahi. Alivua viatu, akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa.

"Umeona," alisema.

"Nimeona. Ungeniambia."

"Ningekwambia ungefanya nini?"

Mama Tone alilikaza shuka kifuani kwa mtoto.

"Kuna siku nilimvika blauzi yangu," wifi aliendelea. "Watoto wa darasani walimcheka mpaka akarudi katikati ya masomo. Hakutaka tena. Sokoni mwezi huu nimeuza mabeseni kwa mkopo mpaka nimesahau rangi ya faida. Nilisema mapema, wifi. Nilisema mbili."

"Na ulisema yale matambara yabaki. Leo yangemfaa."

Wifi alisugua mguu wake uliovimba. "Hilo nilikosea," alisema. "Nilijivuna mbele za majirani zenu wanaosikia simu."

"Nimekuja kumchukua."

"Mchukue. Ni wako." Wifi alisema bila hasira. "Akale nini?"

Paka alilia akitaka kutolewa nje. Tone alimfungulia mlango kidogo, akaurudisha upesi, shuka amelikamata kwa mkono mwingine, akakaa tena. Mama yake alimtazama, akayatazama yale mashavu.

"Una wembe?" aliuliza.

"Wa nini?"

"Na sindano, na uzi wa rangi yoyote."

Aliliteremsha gauni likiwa bado bichi. Alikaa mlangoni penye mwanga, akaanza kwenye pindo. Wembe ulikata uzi, kidole kikavuta, mshono ukafunguka. Tone alisogea.

"Mama, unaliharibu."

"Siliharibu. Nalifanya mawili."

"Lilikuwa mawili."

"Lilikuwa moja, mwanangu. Tulikudanganya."

Wifi alisikia hilo neno "tuli", akajua na yeye yumo. Alisogeza ndoo yake karibu, akashika upande wa pili wa kitambaa na kukivuta ili wembe upite vizuri. Walifumua pindo, wakafumua makwapa, wakafika shingoni, ambako mshono ulikuwa wa karibu karibu na vile vichano vya mkasi vilikuwa tayari kuchanika zaidi. Hapo Mama Tone alikwenda polepole sana, amezuia pumzi. Mchana uliisha. Magauni mawili yalitengana, moja likabaki mkononi mwake, jingine mkononi mwa wifi.

Jioni walishona kwa mkono. Walikunja kingo, wakayashona upya kingo matundu ya vifungo yaliyobaki yakichomoka nyuzi, na vifungo wakavigawa, kwa kuwa vilikuwa vya kutosha. Pindo waliliachia refu zaidi, maana mtoto alikuwa amepanda kimo. Wifi hakuwa fundi. Mishono yake ilikwenda kama mtu aliyelewa, na mara mbili alijichoma, akanyonya kidole na kuendelea. Manjano lilitoka vizuri. Bluu halikutoka vizuri. Miaka ya kukaa dirishani ilikuwa imelila, na sasa bila mwenzake ndani lilikuwa jepesi kama chujio. Mama Tone alipolinyanyua, aliiona taa upande wa pili.

"Hili ataonekana mwili," alisema.

"Atalivaa siku za mawingu," wifi alijibu. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Nitatafuta shimizi ya kuvaa ndani. Sio ahadi. Nitatafuta."

Asubuhi, Alhamisi, Tone alivaa manjano, akaenda shule na watoto wa jirani. Mama yake alimtazama kutoka mlangoni mpaka alipokata kona. Mtoto hakugeuka nyuma, alikuwa amechelewa. Mama Tone alilikunja bluu, akaliweka juu ya kitanda, akamuaga wifi, akauliza magari ya kurudi yanapatikana wapi.